Baba Mkwe Ndani ya Mstari wa Chokaa

Harufu ya petroli kuna watu wanaipenda. Mume wangu akijaza pikipiki huvuta pumzi ndefu na kutabasamu. Mimi siku hizi nikipita kituo cha mafuta najifunika pua kwa mtandio. Hali hiyo ilinianza mwaka tuliochimba mtaro wa bomba la maji nje ya mji wa Bariadi, njia ya kwenda Nkololo. Nimejaribu kuizoea nimeshindwa.

Kazi yangu pale ilikuwa usalama. Mkandarasi aliniajiri kwa cheti nilichosomea Mwanza, akanipa kofia ngumu, firimbi na daftari. Vibarua walisema sina neno lingine mdomoni ila "marufuku". Kweli, mdomo wangu hauna breki. Mtu akishuka mtaroni na kandambili nilimtoa mbele za watu, na akinijibu ovyo nilimjibu mara mbili. Walinikasirikia, nami sikujali, mradi jioni wote walikwenda kwao na miguu yao miwili.

Mita mia za kwanza hazikunitisha. Tatizo lilikuwa mbele, kwenye bohari ya mafuta. Malori yalikuwa yanashusha petroli upande mmoja wa barabara, na matangi yalikuwa upande wa pili. Kati yake kulikuwa na bomba chini ya ardhi, la zamani, na mtaro wetu ulikuwa lazima ulikatize. Jamaa wa bohari alituletea karatasi inayosema bomba liko chini mita moja na nusu. Nikamuuliza, imepimwa lini? Akacheka. Barabara ile inachongwa na greda kila mwaka baada ya mvua, kila mwaka inapungua udongo, na karatasi inabaki vilevile. Nilirudi nyumbani siku ile sina hamu ya kula.

Basi nikaweka masharti. Nilimwaga mistari miwili ya chokaa, mmoja kila upande wa bomba, mita mbili mbili. Ndani ya mistari hiyo sululu marufuku, kijiko cha mashine marufuku, moto marufuku, simu marufuku. Ni chepe tu, kwa mkono, polepole, na mtu wa bohari awe amesimama pale, pampu imezimwa na koki zimefungwa. Firimbi ikilia mara tatu, kila mtu anatoka mtaroni anakimbilia upande unakotoka upepo. Nilirudia maneno hayo kila asubuhi kwenye kikao mpaka wakawa wananiigiza sauti.

Katika vibarua wale alikuwemo baba mkwe wangu.

Pamba ilikuwa imetutupa mkono mwaka ule, mvua zilikatika mapema, na wazee wengi wa Nkololo walikuja kuomba kibarua. Yeye alikuja na sululu yake mwenyewe begani. Alikuwa mchimbaji wa visima na malambo tangu ujana, mtu wa maneno machache, na mikono yake ilikuwa migumu mno. Nyapara, yaani msimamizi wa vibarua, alimpokea kwa furaha. Mimi nilipomwona kwenye foleni, moyo ulinilipuka.

Lazima nieleze, maana wa mjini watanicheka. Huku mkamwana na baba mkwe hawakaribiani. Nilikuwa nampigia magoti kwa mbali, "Mwangaluka baba," naye anaitikia akiangalia pembeni. Siketi alipokaa. Simpi kitu mkononi, naweka chini anakichukua. Jina lake sijawahi kulitamka, na hata jirani mwenye jina kama lake nilimwita Baba Fulani kwa kumzungukia. Nilizaliwa Kalemela, kwetu tuliyalegeza kidogo mambo haya, lakini nilipoolewa mama mkwe alinifunda wiki nzima. Heshima si utumwa, aliniambia, nami niliishika. Huyo sasa ndiye niliyetakiwa kumwambia, "Wewe, toka hapo!"

Yeye alijua taabu yangu, na alinisaidia kwa njia yake. Asubuhi nikianza kikao alikwenda kusimama nyuma ya lori letu la vifaa, peke yake, ili nisione haya kupaza sauti mbele yake. Nilimshukuru moyoni. Jamani, nilimshukuru! Kikao kikiisha nyapara alizunguka na daftari langu mpaka nyuma ya lori, mzee anaweka dole gumba kwenye mstari unaosema amesikiliza maelekezo na ameyaelewa. Na injini ya lori ilikuwa inanguruma muda wote.

Nilimwambia nyapara, "Mwelekeze mzee, mwambie taratibu." Nyapara aliitikia. Kumbe alifikiri kwa kuwa tunaishi boma moja nitakuwa nimeshamwambia nyumbani. Mimi nikafikiri ameshamwambia yeye. Siku nne zilipita hivyo, na siku zote nne nilitia sahihi chini ya dole gumba lile.

Siku hiyo ya nne ndiyo ilikuwa ya kukatiza bomba, na kazi ilipangwa iwe alasiri, kwa sababu asubuhi kulikuwa na lori la kushusha mafuta. Mitaro miwili ilikuwa imefika kwenye chokaa, mmoja huku mwingine kule, na katikati kimebaki kipande cha ardhi ambacho hakijaguswa. Udongo ni wa mbuga, ule mweusi, na kiangazi unakuwa mgumu hata chepe inadunda. Nyapara alikwenda kwenye geti la bohari kufuatilia kibali. Vibarua walikuwa wanamalizia kingo. Mama lishe alikuwa amesogeza jiko lake la mkaa karibu na barabara, sufuria la uji linachemka. Nilikuwa nakwenda kumfukuza. Nilishaandaa na maneno makali ya kumwambia.

Nikasikia kishindo. Kilikuwa cha sululu, na wakati ule hakuna aliyetakiwa kutumia sululu.

Niligeuka. Baba mkwe alikuwa ndani ya chokaa, ameshazama mpaka kiunoni bila sisi kumsikia kwa mvumo wa lori, mgongo ameupa upande wangu, anainua sululu. Baadaye alimweleza mume wangu kwamba aliona mistari miwili myeupe na ardhi katikati, akajua ndipo pa kuchimba. Na ni kweli, wapimaji walikuwa wametuchorea mtaro mzima kwa chokaa hiyohiyo. Aliona vijana wamekwepa kipande kigumu, akasikia aibu kwa niaba yao.

Upande wa pili wa barabara pampu ya lori ilikuwa inavuma. Petroli ilikuwa inapita chini ya miguu yake wakati uleule.

Nilipuliza firimbi mara tatu. Vibarua wote walitoka mtaroni kama panzi, wakakimbia. Yeye hakugeuka. Kwake firimbi ilikuwa mambo ya vijana, ya kuitwa kunywa uji. Nikaita, "Baba! Baba!" Alipiga tena. Nani angedhani mkamwana wake anaweza kumpigia kelele? Katika maisha yake halikuwepo jambo kama hilo. Nikaita "Mzee!" na wazee wawili waliokuwa wanakimbia wakasimama wakaniangalia mimi.

Nitasema ukweli hapa, maana kwingine sijausema. Nilisimama. Jina lake lilikuwa mdomoni, nalijua, na ulimi ukakataa. Nilikuwa namwona mume wangu akipewa habari, namwona mama mkwe amekaa chini ameshika kichwa, naona moto ambao ulikuwa haujawaka, na bado nilisimama nikiwaza watu watasemaje. Sululu ikashuka mara ya tatu. Safari hii haikulia kama udongo. Ililia chuma.

Harufu ikaja.

Hapo ndipo nililitaja. Nililipaza jina lake lote, la kwake na la baba yake, sauti ikatoka hata mimi sikuitambua. Mzee aligeuka haraka kuliko kwa kishindo chochote. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyechapwa kofi. Lakini mikono ilikuwa imeshainua sululu kwa mazoea. Nikakimbia, nikaruka shimoni.

Shimo lenyewe lilikuwa la upana wa mtu mmoja. Tulibanana kifua kwa kifua. Nilishika mpini juu ya mikono yake, nikahisi jasho lake na tumbaku yake. Chini ya miguu yetu kitambaa cheusi kilichofunga bomba kilikuwa kimechanika, bomba limebonyea, na kwenye kona ya ule mbonyeo palikuwa na unyevu unaong'aa, unakusanyika, unadondoka kidogo kidogo. Nyayo zangu ziliuhisi ubaridi wake kupitia buti. Nilimwambia, "Achia." Ndiyo amri pekee niliyowahi kumpa. Akaachia.

"Moto!" nikampigia kelele mama lishe. "Zima moto, mama, zima!" Mungu ambariki yule mwanamke, hakuuliza kwa nini. Alipindua sufuria zima la uji juu ya mkaa. Nyapara aliyekuwa getini alisikia, akampigia kelele mtu wa pampu, na mvumo ukakatika. Nikamsukuma baba mkwe juu kwa mikono yangu miwili, nikamshika kiunoni na miguuni, popote nilipopata, mpaka akatoka. Kisha nikatoka mimi. Tulikimbia kufuata upepo unakotoka, nikaanguka kwenye majani makavu.

Hakuna aliyeungua. Bohari walifunga koki, wakamwaga mchanga, barabara ikafungwa mpaka mafundi walipofika. Watu wananiambia, basi yaliisha salama, unaogopa nini? Hawakusimama pale nilipokuwa nimesimama. Najua ni pigo moja tu lilibaki, na najua lilikuwa limeshainuliwa.

Alasiri bosi, yaani mkandarasi mwenyewe, alifika na gari lake. Tulisimama nje ya uzio, vibarua nyuma, mimi na nyapara mbele, baba mkwe ametengwa pembeni. Bosi alifungua daftari langu kwenye boneti. Alipitisha kidole mpaka kwenye dole gumba la asubuhi ile.

"Huyu mzee alielekezwa?"

Nyapara akanitazama. Nilifungua mdomo. Niliwaza cheti changu, niliwaza wanangu wawili na shamba lisilo na pamba, niliwaza kwamba sahihi iliyo pale ni yangu na hakuna mwingine wa kubeba. Mimi, mwenye mdomo usio na breki.

Baba mkwe alikohoa. "Bosi," akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "huyu binti alitueleza. Kila siku alitueleza. Sikio la kufa halisikii dawa. Mimi ndiye mkaidi."

Alisema akiangalia ardhi. Mzee ambaye katika vijiji vitatu hakuna kisima alichochimba kikamporomokea mtu. Vibarua waliguna. Mmoja akasema, "Wazee bwana, hawasikii," na wengine wakacheka kwa ile nafuu ya watu waliopona. Nilitaka nimrukie yule aliyesema. Nilitaka niseme kwamba mzee alisimama nyuma ya lori kwa ajili yangu, kwamba hakuna mtu aliyewahi kumweleza neno hata moja. Sikusema. Hofu ya kufukuzwa ilikuwa imekaa palepale ilipokuwa hofu ya moto.

Bosi akafunga daftari. Sheria ilikuwa yangu mwenyewe, niliiandika kwa mkono wangu: atakayeingia na sululu ndani ya chokaa, kazi yake imekwisha siku hiyohiyo, bila kujali umri. "Chukua vifaa vyake," akaniambia.

Nilimwendea. Nilisimama mbali kidogo, sikujua nitazame wapi. Saa chache nyuma nilikuwa nimemkumbatia shimoni na kumwita kwa jina kama mtoto. Alivua kizibao, akakikunja vizuri. Akavua kofia, akaifuta vumbi kwa kiganja. Kisha akaviweka chini katikati yetu, akarudi nyuma hatua mbili, akageuza uso pembeni ili niweze kuinama bila haya.

Nikainama nikaviokota.

Bosi akaniuliza kama nina jambo la kuongeza kwenye ripoti. Nikasema sina.