Sala ya Macho Wazi

Minye nasali na macho wazi. Nasema hii mbele, sababu mambo yote nitasimulia hapa ilitoka pale. Haiko kiburi, na haiko ugonjwa ya macho, hata kama ile miaka nilifanya kazi ku Kakontwe, kupasua mawe ya chokaa, vumbi ilikuwa inaniingia mpaka bibi yangu wa ndoa alikuwaka ananisafisha macho na maji ya moto yenye alitia chumvi kidogo. Ile ni jambo ingine. Ku Kakontwe nilipasua mawe wakati nilishatoka mu jeshi, na hii ya macho ilianza mbele, wakati ningali askari.

Kanisa yetu iko hapa Kikula, mu Likasi, nyuma ya soko, nyumba ya matofali yenye batu walijenga wenyewe, malata juu, mvua ikipiga hausikie tena mwenye kuhubiri. Minye nilizaliwa mu nyumba ya Bakatolika. Nikaingia mu jeshi Mukatolika, nikatoka Mukatolika. Ni bibi yangu alihama. Alianza kwenda ku maombi na bamama ba jirani, akawa anarudi na kuimba, hata sombe, majani ya mihogo, alitwanga na wimbo. Mbele alikuwaka anatwanga na manung'uniko, namujua, tulizeeka pamoja. Nikasema mwanamuke mwenye kuimba hivi, anakwendaka wapi? Nikamufuata. Bakanibatiza tena, safari hii mu maji mingi, ku muto, mu mwezi wa sita, na baridi ya Likasi mu mwezi wa sita haina huruma. Meno yenye ilikuwa ingali mu kinywa yangu ilipigana yote.

Kisha ya ubatizo ilibakia Meza ya Bwana, kukula mukate na kunywa ile siropo nyekundu na bandugu. Pale njo nilitaka kufika. Nieleze sababu, musidhani ni tamaa ya muzee. Miaka yote ya uaskari, sikukula na batu. Nilikula na baaskari, ndiyo. Lakini batu, hapana. Ukiingia mu mukahawa na uniforme, hata ikiwa safi, hata ukisema jambo na adabu, batu wanameza haraka na wanasimama. Mama anafunika sufuria. Unabakia peke yako na bukari yako, ule ugali wetu, meza mzima ni ya weye. Hii ilinichosha kuliko kutembea na muzigo. Sasa kanisa inaniambia kuko meza yenye hakuna mutu anasimama. Minye nikasema, ile njo yangu.

Lakini kwetu, kusali ni kufunga macho, kuinua mikono, kila mutu na sauti yake. Minye nasimama mugongo ku ukuta, mikono chini, macho mbele. Mama moja wa kwaya akaenda kuambia bazee ba kanisa kama ule askari wa zamani anatuangaliaka wakati tunasali. Bibi yangu aliposikia akauliza: «Na yeye alimuona namna gani?» Lakini maneno ilishatembea.

Bazee ba kanisa bakaniita. Nasema bazee, lakini wote ni bachanga kwangu, moja wao nilimuona anacheza mu matope ya soko na tumbo wazi. Bakaniambia kama macho yenye kukataa kujifunga ni alama ya roho ya vita. Mbele ya kula ku Meza, lazima nifanyiwe delivransi, ni kusema maombi ya kufungua mutu, na kisha nikane uaskari na kinywa yangu mbele ya bote. Nikauliza, nikane nini, zambi ao uaskari? Bakasema yote ni mufuko moja. Nikasema hapana, ni mifuko mbili, na kila moja naijua uzito yake sababu ni minye nilibeba.

Ku delivransi nilikwenda. Sikukataa maombi, mutu gani anakataa kuombewa? Ilikuwa mu siku ya kazi, saa ya mchana. Bakanikalisha ku benchi mbele. Baombezi bakanizunguka, bakapaza sauti, mzuri kabisa, nilikuwa naitikia amina. Sasa kijana moja, mwenye nguvu, mikono yake kama ya muchukuzi wa saruji, akapita nyuma yangu na akanikamata shingo ghafula. Bandugu, hauwezi kukamata askari shingo kutoka nyuma. Mbele kichwa yangu ijue, mukono yangu ilishageuka, na kijana alikuwa analala ku benchi, kifua chini. Bakapiga kelele: roho ya vita imejionyesha! Minye nikamuinua, nikapanguza shati yake. Nikasema, hapana, baba, ile haiko roho, ni mafunzo tu. Kijana mwenyewe alicheka. Bazee hawakucheka.

Kisha pale bakapata akili ingine, na bakaniletea na furaha, kama batu banaleta mbuzi ya mahari. Bakasema: muzee, kwa kuwa weye haufunge macho, na viatu ya batu inaibiwa ku mulango, na telefone pia, kuwa mulinzi wetu. Wakati tunasali, weye simama ku mulango. Tutakupatia kitambaa ya kuvaa ku mukono, yenye kuandikwa kazi yako. Macho yako itakuwa na faida, na mambo ya Meza tutaona pole pole.

Nawaambia kweli, ingekuwa rahisi kukubali. Kusimama ku mulango najua, hata leo na magoti haya. Na mutu mwingine angeona ni heshima. Lakini nililinda madaraja, nililinda magazini ya mizigo, nililinda nyumba za bakubwa wenye hawakujua jina yangu. Nikajibu:

«Kulinda nililinda kwa batu wengine. Hapa nilikuja kukula.»

Moja akasema muzee iko na kichwa nguvu. Nikasema ndiyo, bila ile kichwa singefika hapa.

Siku ya yenga, siku ya Mungu, yenye ilifuata ilikuwa ya Meza. Nilikaa ku mahali yangu, ku ukuta. Sahani ya mukate ikapita, benchi na benchi. Ikafika kwa bibi yangu, ku upande wa bamama. Akaikamata, akaitazama, akaipitisha kwa jirani yake bila kukamata kitu. Nilizania alisahau. Kikombe pia ikapita. Ku njia ya kurudi nyumbani nikamuuliza, mama, nini hii? Akasema nguo yake ilikuwa inamusumbua. Nikamuuliza tena. Akasimama pale pale mu barabara, malori ya mawe inapita, vumbi inatufunika, akasema:

«Minye nakulaka na weye kila siku. Siku watakupatia weye, nitakula. Na usiniombe tena.»

Nikamukaripia. Nikasema weye ulinileta mu ile kanisa, sasa unataka kuitoka sababu ya minye? Kula mukate yako, acha yangu nitaipigania minye mwenyewe. Tulipofika nyumbani akaniwekea bukari kubwa sana, ile anawekaka wakati hataki kusema kama anahurumia mutu. Bukari ya bibi yangu, niseme tu hapa, haina mafundo. Anasonga na mikono mbili na anafunga kinywa. Basi.

Ile njo ilimuleta muchungaji kwetu. Mutu mwenye kukataa Meza bila kufukuzwa, hii haijaonekana. Alikuja peke yake, mangaribi haijafika, akakaa ku kiti ya plastiki mu lupango, mbele ya nyumba. Ni kijana. Mbele ya kuitwa na Mungu alichimbaka mawe ya shaba ku Kambove, na mikono, na nyundo, kama vijana wengi. Hakuzunguka na maneno.

«Papa, nataka kuuliza jambo moja, na usikasirike. Damu iko?»

Ni swali yenye kila mutu anataka kuuliza askari, na wengi banapita kando yake. Nikamujibu vile ilikuwa. Kuko mahali batu walitupiga masasi kutoka pori, na sisi tukapiga pori. Masasi yangu ilisimama wapi, sijui. Ile nilishaipelekea Mungu mara na mara, na ningali naipeleka. Nikasema: zambi yangu nitaitubu, muchungaji, hata mbele ya bote. Uaskari wangu sitaikana. Akaniuliza sababu. Njo nikamusimulia daraja.

Bakubwa walituweka kulinda daraja ya reli, mbali na hapa, mu inchi yenye sikujua luga yake. Mushahara ilikuwa inakawia, chakula vile vile. Kila mama mwenye kupita na kitunga ya mihogo ku kichwa, benzangu walikuwa wananyoosha mukono: mama, achia baaskari kitu. Mama anaacha, anakwenda. Sisemi walikuwa batu babaya. Njaa ilikuwa. Minye nilikuwa kijana wa kusali, nikafunga macho pale ku zamu, mu jua, na kofia ya chuma inanipika kichwa. Kaporali wetu, mutu mukubwa mwenye alifundishaka katekisimu mbele ya kuingia mu jeshi, akanikuta vile. Akagonga ile kofia na kijiko yake ya kukulia, sauti ikaingia mpaka mu meno.

«Weye, walikuleta hapa kulala?»

Nikasema, nasali, kaporali. Akauliza naombea nani. Nikasema hawa batu banapita.

«Sasa baangalie. Utaombea mutu namna gani, na umemufungia macho?»

Toka ile siku nilisali hivyo. Mama anaingia ku daraja, namutazama, nasema mu roho: Baba, huyu, na kitunga yake, na mutoto ku mugongo, afike. Mwengine, vile vile. Na ikakuja jambo yenye sikuitafuta. Mutu mwenye nilimuombea na namutazama uso, mukono yangu ilikataa kukamata mihogo yake. Nilijaribu, sifiche. Siku moja njaa ilikuwa nyingi, mukono ikatoka, ikafika katikati, ikarudi. Benzangu walicheka mpaka walikaa chini. Bakaniita padri wa daraja. Walipochoma mihogo, walikuwa wananiambia: padri, weye kula baraka. Nilikonda. Bamama wakajifunza saa ya zamu yangu, wakawa wanapita wengi ile saa. Na musingoje niseme kama walinipikia kuku. Hakuna hata moja aliniachia kitu. Walipita mbio na hawakugeuka. Lakini walipita.

Nikamuambia muchungaji: ile shule njo niko nayo. Mu kalasi ya kweli sikukawia, nilijifunza kuandika kidogo na kuhesabu kidogo. Kusali nilisoma ku daraja, na uniforme, na bunduki ku bega. Kama nakana pale, ni Mungu gani nitabakia naye?

Kuku wa jirani aliingia mu lupango, bibi yangu akamufukuza na ufagio. Kisha muchungaji akasema: mu shimo, kule Kambove, hakuna mwenye kufunga macho kusali. Udongo ya juu inaweza kushuka. Walikuwa wanasali na wanaitazama, taa ku kichwa, mpaka kutoka. Akasema alianza kufunga macho wakati alivaa koti ya muchungaji, na hajawahi kujiuliza.

Nilizania ilikwisha. Haikukwisha. Akasema: «Kanisa haiko ya minye peke yangu, papa. Utasimama weye mwenyewe, uwaambie. Kama watakataa, nitabakia bila neno.»

Nikasema nitasimama. Bibi yangu akapiga suruali yangu pasi ya makaa mara mbili, sababu mara ya kwanza haikumupendeza.

Siku ya Meza ikafika. Nikaenda mbele. Sina maneno ya kuhubiri, nikasema ile ya mifuko mbili, nikasema ile ya masasi, nikasema ile ya daraja. Muzee moja wa kanisa, ule wa matope, akasimama. Akasema mutu hawezi kutumikia bunduki na Mungu. Nikamujibu na heshima kama ana haki ya kuogopa, hata minye naogopa bunduki, lakini nilimutumikia Mungu pale nilikuwa, sikungoja mahali pazuri. Akakamata Biblia yake, akatoka inje. Hakuna mwenye kumurudisha. Ile iliniumiza, na ingali inaniuma, sababu sikutaka hata moja asimame.

Kwa kuwa mwengine hakukataa, muchungaji akasema: sasa papa atatuombea, vile anajua.

Nikapita polepole, benchi na benchi. Nikatazama kila mutu na nikamuomba Mungu kwa ajili yake, mu roho, bila sauti. Wengine walifunga macho vile ni desturi. Wengine walinitazama. Kuko mwanamuke mwenye mume wake hajapanda tena kutoka shimo ya shaba, machozi ilimutoka na nilisimama mbele yake kidogo zaidi. Kijana wa shingo alinichekea kidogo, jino moja ikaonekana. Mpaka benchi ya mwisho sikuruka mutu.

Kisha sahani ikakuja. Muchungaji akanipatia minye mbele, kisha bibi yangu, na yeye akakamata mara moja, hakutazama nguo. Mukate ilikuwa ya jana, ngumu, na kinywa yangu sasa ina meno ya kutafuta. Nilitafuna. Kikombe haiwezi kupita mbele ya mutu kumeza mukate, njo desturi yetu. Basi kanisa mzima ikanitazama natafuna, muchungaji na kikombe mu mukono, bamama na batoto, na minye sikuharakisha. Hakuna mwenye kusimama.