Betri Zilizochoka

Mimi ni mtu wa haraka, na sioni faida ya kulificha hilo. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa natembea. Kwa hiyo nilipopangiwa darasa la nne katika shule moja kule juu Shume, kwenye baridi ya kukata masikio, niliona nitapasuka. Watoto arobaini na wawili, wote wanaamka na Kishambaa na kukiacha mlangoni pa darasa tu. Kusoma walisoma. Kuimba waliimba. Lakini ukiwaambia, "Haya, andikeni insha," kalamu zote zinalala.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Malori yalianza kupanda kutoka Dar es Salaam kufuata karoti na kabichi, na kila lori likija darasa langu linapungua, maana karoti lazima zioshwe mtoni kabla ya kujazwa lumbesa, yale magunia ya kufurika mdomo. Aliyekosa shule zaidi ya wote alikuwa msichana mmoja, binti wa mkulima jirani yangu. Mdomo wake, lo! Alikuwa anapatana bei na mchuuzi mpaka mchuuzi anaomba maji ya kunywa. Daftari lake la insha lakini lilikuwa jeupe tangu Januari.

Siku moja baba yake alinifuata uwanjani, akavua kofia, akasema kwa adabu kabisa, "Mwalimu, mimi sina ugomvi na shule. Lakini shamba linaita. Likizo ikifika kama hajaweza kuandika ukurasa mmoja wa maneno yake mwenyewe, nitajua shule si fungu lake. Atabaki na mimi."

"Ataandika," nikamjibu. Nilimjibu kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye aliyeniharibia darasa.

Ndipo zikaja redio kaseti. Kituo cha walimu pale Lushoto mjini kilikuwa kimepewa redio chache na wafadhili, na shule iliyotaka moja ilitakiwa kuandika mpango: utaitumiaje kufundishia watoto kuandika? Redio ingeletwa kwa majaribio. Mkaguzi angekuja kuliona somo. Akiridhika inabaki, asiporidhika inarudi. Niliandika mpango ule siku tatu, nikikaa, nikisimama, nikifuta, nikizunguka nyumba. Wazo lilikuwa hili: mtoto asimulie kitu anachokijua, tumrekodi, kisha aisikilize sauti yake na kuandika alichokisema. Kama insha ya mwalimu inamshinda, maneno yake mwenyewe yatamshindaje? Nilijiona mjanja kweli kweli.

Na ile sehemu ya mwisho ya andalio la somo, ya Tathmini na Maoni, ambayo hujazwa baada ya kufundisha, niliijaza kabla hata redio haijafika: "Somo limefaulu. Wanafunzi wote wameandika." Msinicheke. Walimu wote tulikuwa tukifanya hivyo, na wakaguzi walijua, kwa sababu nao waliwahi kuwa walimu.

Redio ilifika na betri mbili mpya, na kitufe cha kusimamisha kimevunjika. Ukishaiwasha, umeiwasha, ama usubiri kanda iishe, ama uchomoe betri. Tukarekodi. Yule msichana alieleza namna ya kuosha karoti, bila kupumua, macho yanacheka. Wenzake wakapiga makofi. Nikasema moyoni, huyu nimempata.

Nimpate wapi! Tulipoipiga kanda ili waandike, wengine walijikongoja mpaka mwisho. Yeye aliandika neno moja, sauti yake ikawa imeshakimbilia mbali. Akafuta. Akaanza tena. Mimi nazunguka baina ya madawati, nagonga chaki mezani: "Andika basi! Si maneno yako mwenyewe hayo?" Wiki nzima ikaenda hivyo, na likizo inakuja mbio.

Wiki ya pili betri zikachoka. Nikazianika juu ya bati, ukungu ukazilowesha. Nikaziweka karibu na jiko, zikafufuka kidogo. Jumatano nilipowasha, sauti ya yule msichana ikatoka nzito, inajivuta, sauti ya babu mwenye usingizi. Darasa likaangua kicheko, hata mimi. Nikaenda kuchomoa betri kwa hasira, ndipo nikamwona.

Hakuwa anacheka. Alikuwa anaandika. Redio inajivuta, naye anajivuta nayo, neno kwa neno, ulimi umetoka nje. Niliinama nikasoma: "Karoti haioshwi moja moja. Unazitia kwenye gunia ukaliweka majini ukalikanyaga. Ukisikia miguu imekufa ganzi ujue zimetakata." Jamani! Nilitaka kupiga kelele. Nilimbakiza wengine walipotoka, tukaipiga tena mpaka betri zikakata roho, na akafikisha nusu ukurasa. Nusu ukurasa, mtoto aliyekuwa hana mstari!

Ningeweza kuwasomea polepole mwenyewe tangu mwanzo? Ningeweza. Halikunijia kichwani hata siku moja.

Sikumwambia baba yake. Niliona raha zaidi aandike ukurasa mzima mbele ya mkaguzi, siku ya Ijumaa, niwashangaze wote kwa pamoja. Siku mbili hizo sikukaa. Betri nilizipasha jikoni kama mayai ya kuangulia, nikawa naonja: ziwe na nguvu ya kuzungusha kanda, zisiwe na nguvu ya kukimbia.

Mkaguzi alikuwa mtu mzima, mpole, amepanda kwa miguu kutoka barabarani. Watoto wakamwamkia shikamoo, akakaa nyuma na andalio langu mapajani. Madaftari niliyaacha kabatini, nikawagawia karatasi mpya za siku hiyo. Nikawasha. Sauti ikajivuta vizuri kabisa, yule msichana akashika kalamu.

Mkaguzi akasikitika. "Mwalimu, betri zako zimechoka hizi, unawatesa watoto bure." Akainuka, akafungua tochi yake, akatoa mbili mpya. "Chukua, mama. Hizi ni zawadi yangu kwa darasa."

Nilitakiwa kusema, "Mzee, tuziache hizi mbovu." Maneno manne. Mimi niliyekuwa na maneno kwa kila mtu, siku hiyo nikayakosa. Mtu mzima anakupa kitu kwa moyo wake, unamrudishiaje? Tena kwenye mpango nilikuwa nimeandika betri mpya. Niliogopa ataniona sijui ninachokifanya, na redio itarudi. Nikapokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikabadilisha.

Sauti ikatoka kali, mbio. Msichana akaandika, akafuta, akaandika, akaniangalia. Mimi nikaangalia ubao.

Mkaguzi akapita kwenye madawati, akasimama kwake. "Mwalimu, mbona huyu hana kitu? Hapa kwenye maoni umeandika wote wameandika."

Darasa zima likageuka. Nami nikasema, haraka kama kawaida yangu, "Huyo ni mzito kidogo, mzee. Ndivyo alivyo."

"Wapo," akasema mkaguzi kwa upole. "Kila darasa wapo." Akatia sahihi. Redio ikabaki.

Jumatatu hakuja. Jumanne hakuja, na lori halikuwepo. Nikachukua daftari lake kabatini, nikateremka mtoni karibu nikimbie. Baba yake aliponiona alinawa mikono kwanza, tukaamkiana kwa Kishambaa mpaka mwisho, mimi nalikunja na kulikunjua daftari. Kisha nikamwaga yote: betri, mkaguzi, nusu ukurasa huu hapa, likizo bado wiki mbili.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Ijumaa alirudi akaniambia ulilolisema," akasema. "Nilimwuliza mara mbili, mwalimu kasema hivyo? Akasema ndiyo, mbele ya mkaguzi."

"Nilikosea, baba. Nakuambia nilikosea."

"Hapana, mwalimu. Wewe umesoma, mimi sikusoma. Nikikubali kwamba mwalimu amekosea juu ya mtoto, nitakuwa nimekuvunjia heshima." Hakuwa ananikejeli. Alikuwa ananiheshimu, na heshima ile iliniuma kuliko tusi.

Msichana alikuwa majini, amesimama juu ya gunia la karoti, sketi ya shule ameikunja magotini. Nikamfungulia daftari, nikalinyoosha juu ya maji. "Msomee baba ulichoandika. Huo mwandiko ni wako, mwanangu. Soma, taratibu, mimi nangoja."

Aliliangalia daftari, kisha akaniangalia mimi.

"Mwalimu, mimi ni mzito," akasema, bila kununa, kama mtu anayetaja umri wake, akaendelea kukanyaga.