Kipa wa Akiba na Mabeki wa Kenton

Siku yangu ya kwanza kazini kama kocha wa makipa, uwanja wa Hayes ulikuwa tope tupu. Tulikuwa tumehamia London kutoka Kisumu hivi karibuni. Meneja, Mwingereza mpole, alinikabidhi makipa wawili: namba moja, na wa akiba, yule anayekaa benchi akiomba mwenzake asiumie, lakini aumie kidogo. Nikifundisha timu ya Hayes, kisha ya Wembley, nikagundua kuwa huyo wa benchi ndiye kazi yenyewe.

Ila hakuna timu iliyonitoa jasho kama ile ya Kenton, ya sisi Wahindi wa Afrika Mashariki. Namba moja alikuwa mkubwa wa umri kuliko wachezaji wote, akiwafokea mabeki apendavyo. Goti lake likamshinda, na kila kijana tuliyemweka golini alifungwa. Kudaka walijua. Shida ilikuwa adabu. Kipa ndiye anayeuona uwanja wote, hivyo yeye huwaamrisha mabeki, na mabeki wetu walikuwa baba na ami zao. Aziz, aliyekuwa bora kati ya vijana hao, alisema, "Anko, tafadhali, sogea kushoto kidogo." Hajamaliza, mpira uko wavuni.

Mwenyekiti wa timu, muuza vitambaa, aliniita dukani kwake. "Mwalimu, msimu ukiisha hatuna kipa, naivunja timu. Nimechoka kuaibika." Niliogopa kweli, maana bila mechi zile za Jumapili tungeonana misibani tu.

Nikamwendea Karim, beki wa kati, babake Aziz, nikamwomba ruhusa mwanawe amwite kwa jina uwanjani. Akanywa chai yake yote kabla ya kusema atafikiri. Aziz naye alinijibu kwa Kiingereza kwamba mama yake angemfukuza nyumbani.

Jumapili iliyofuata ikaja krosi, yaani mpira wa juu kutoka pembeni. Karim alikuwa amemzibia kipa njia.

"Karim, toka!" Aziz akafoka.

Wazee wote wakageuka. Karim akatoka, Aziz akaruka akaudaka. Tulishinda, na timu ikabaki.

Sasa nimestaafu, magoti yananiuma kila baridi ikiingia, na moyo wangu umeridhika. Makocha vijana wakiniuliza kipa wa akiba analelewaje, nawaambia waanze kwa babake. Siku ile, baada ya mechi, Karim alinifuata nikikusanya mipira, uso ameukunja. Nikajiandaa kwa ugomvi.

"Mwalimu," akasema, "mwambie Jumapili ijayo aniite mapema zaidi."