Itafuta Diski Yote

Wiki iliyopita laptopu yangu ilianza kupumua kama mgonjwa. Feni ilivuma, ikakatika, ikavuma tena, na nilipoinamisha pua nikakutana na harufu ninayoijua kuliko manukato yoyote: vumbi lililopata moto. Mtu mwingine angebeba mashine akaenda kwa fundi. Mimi nilibaki palepale kwenye kochi langu, hapa Kisugu, maana mimi ni mtu wa nyumbani kiasi kwamba kufika Luzira tu, mwendo wa dakika chache, kwangu ni safari ya kuaga watu. Nikafumba macho. Nikawa mtoto tena, katika nyumba ya mabati kwenye kambi ya polisi pale Naguru.

Kama hamkuwahi kuziona nyumba zile, zilikuwa za duara, bati chini hadi juu, na mlango mfupi hata watu wa kambini wakaziita mama-ingia-pole. Ukiingia kwa haraka unapata nundu. Mchana ndani palikuwa na joto la jiko. Na humo humo, kati ya kitanda cha wazazi na pazia lililonificha mimi, baba aliweka kompyuta. Ilikuwa kubwa, nyeupe iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, na kioo chake kilikuwa na mgongo kama mtu aliyebeba mtoto. Mama aliifumia kitambaa cha maua cha kuifunika, ungedhani ni bibi harusi. Kazi yangu ya Jumamosi ilikuwa kuifuta vumbi. Nilifuta nilikoona. Lile la ndani lilipopata moto, harufu ilijaa nyumba nzima ikanishtaki kwa baba.

Jina langu ni Letaru, jina la kwao baba, huko Arua, na ndani yake kuna upendo. Kambini walilikata likabaki Leta, na nyie mnajua kilichofuata. "Leta, leta maji. Leta, leta kiti." Nimetumwa maisha yangu yote na jina langu mwenyewe.

Baba alikuwa Mlugbara, mama Mwacholi. Hakuna aliyeijua lugha ya mwenzake, kwa hiyo walichumbiana, wakagombana na kupatana kwa Kiswahili. Namaanisha Kiswahili cha kambini, kile kisichojisumbua na ngeli. Tulijiona mabingwa. Kwetu sisi "futa" ilikuwa amri ya ukaguzi: futa buti, futa meza, futa hiyo pua. Neno lililoandikwa vibaya hatukulifuta, tulilitoa. "Toa hiyo, andika ingine." Naomba mlishike hilo, maana ndilo lililotuponza.

Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na sauti ya nyanya, mama yake mama. Mama alimrekodi kwa simu siku moja huko kwao Kitgum, akisaga ulezi kwenye jiwe huku akiimba. Nyanya akafariki. Baadaye simu nayo ikatumbukia kwenye karai la kufulia, na wimbo ukabaki kwenye kompyuta peke yake. Kila Jumapili mchana, mama alipokuwa akipiga pasi yunifomu ya baba kwa pasi ya makaa, aliniambia, "Leta, fungua nyanya." Nilifungua. Kwanza lilikuja jiwe, krrr, krrr, kisha sauti ya mzee, nyembamba, isiyo na haraka. Mama alipiga pasi kwa kufuata jiwe. Mimi sikuelewa hata neno. Baba alikaa nyuma ya gazeti lake, na mara moja moja akauliza, "Shati imeisha?"

Kisha virusi vikaja, nadhani na flashi ya kuazima. Kompyuta ikawa inawaka, inafika katikati, inazimika. Jumapili zikawa kimya. Mama alipiga pasi kama mtu aliyekosewa na shati.

Binamu wa baba, Andama, ndiye aliyekuwa mtaalamu wa ukoo. Alituletea sidii yenye mfumo mpya kabisa wa kuendeshea kompyuta, akaahidi kurudi Jumamosi kuuweka. Wakati anaondoka akasema kwa kujisifu kwamba mfumo huo unajua hata Kiswahili. Hapo ndipo alipoharibu mambo. Jumamosi ilifika, Andama akachelewa, na baba akavua shati akabaki na fulana.

"Inajua Swahili," alisema. "Sasa mimi nangoja nini? Mtu anangoja mkalimani wa lugha yake?"

Akatumbukiza sidii. Mimi niliwekwa kwenye kiti niwe msomaji, kwa sababu nilikuwa darasa la sita na insha zangu zilisifiwa. Neno la kwanza kutokea lilikuwa "Karibu". Baba akapiga makofi. "Unaona? Imetukaribisha. Ile ya zamani ilikuwa na adabu hii?" Likaja "sakinisha", tukatazamana. Baba akasema hiyo ni Swahili ya Mombasa, tupite. Tukapita. Likaja lingine, tukapita nalo pia. Mwishowe kioo kikasimama na sentensi moja katikati, na chini yake vitufe viwili.

Nikasoma kwa sauti ya gwaride: "Hatua hii itafuta diski yote."

Mama aliacha sufuria akaja na mwiko mkononi. "Imesema nini?"

"Itafuta diski yote."

"Inatafuta?" Uso wake ulifunguka. "Inataka kutafuta? Yote?"

"Kufuta, Mama Leta," baba alisema. "Hiyo ni kufuta. Imeona vumbi. Huyu mtoto yako anafuta juu juu, ndani anaacha."

"Kompyuta inajua vumbi, Baba Leta? Kitu imepotea ndani, si lazima itafute?"

"Mimi nimeambiwa futa miaka yote ya kazi. Nikisikia futa, najua futa."

"Umeambiwa na afande. Hii si afande."

Wakanigeukia mimi, msomi wa nyumba. Niliikodolea macho ile sentensi. Kisha kwa hekima yote ya darasa la sita nikasema, "Inaweza kuwa vyote viwili. Inafuta vumbi, halafu inatafuta."

Uamuzi huo uliwaridhisha wote. Nadhani ndiyo mara ya mwisho nilipopatanisha watu.

"Na hizi za chini?" baba akauliza.

"Moja ni Endelea. Nyingine ni Ghairi."

"Ghairi ni nani?"

"Labda fundi aliyeitengeneza."

"Ghairi mimi simjui," baba alisema. "Endelea naijua." Akabonyeza kwa kidole kilekile cha kupigia saluti.

Mama aliinama hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. "Itafute," aliiambia, taratibu, kama anayemtuma mtoto dukani. "Itafute sauti ya mama yangu."

Ilinguruma. Harufu ya vumbi ikapanda. Mstari wa buluu ukasogea kama jongoo, sisi watatu tukiutazama, na ulipofika mwisho kioo kikang'aa kwa rangi ambazo nyumba ile haikuwahi kuziona. Kila kitu Kiswahili, kila kitu kipya.

"Leta, fungua nyanya," mama alisema.

Nilifungua Muziki. Ndani hamkuwa na kitu. Nilifungua Picha, Nyaraka, nikarudi Muziki.

"Bado inatafuta," mama alisema. "Tungoje."

Tulingoja. Maharage yakaungua, hakuna aliyenyanyuka.

Andama alipoingia, na nundu yake kama kawaida, alitazama kioo akakaa kitandani bila kukaribishwa. "Afande, kwani haikuwauliza?"

"Iliuliza."

"Mkajibu nini?"

"Tukasema endelea."

Akatueleza, sauti ikipungua kila neno, kwamba kufuta ni kutoa. Imetoa kila kitu kilichokuwamo, na kurudisha haiwezekani. Mama alisema, "Basi." Akatoka nje kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi. Baba alichukua kitambaa changu cha vumbi akaanza kuifuta ile kompyuta, kitufe kimoja kimoja, mgongo, nyaya. Hakuniambia leta chochote.

Jumapili iliyofuata pasi iliwashwa, na hakuna aliyesema fungua. Makaa yalilialia, shati likanyooka. Halafu kutoka nyuma ya gazeti nikasikia: krrr. Krrr. Nilidhani ni tumbo. Kumbe baba alikuwa anasaga ulezi kwa koo. Kisha akaimba, kwa Kiacholi, mstari wa kwanza, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa kituoni.

Mama akatua pasi. "Umesema nini?"

"Nimeimba."

"Umesema ulezi imeolewa na mbuzi!"

Akacheka hadi akakaa chini, na machozi yakamtoka. Sikujua ni ya aina gani. Baba alisubiri amalize, kisha akauliza kwa unyenyekevu, "Basi inakuwaje?" Mama akamwimbia mstari ule, akamweleza na maana yake. Baba akaurudia, akaharibu unaofuata. Mama akaurekebisha na huo. Ikawa desturi ya kila Jumapili, na kila Jumapili mbuzi yule alioa palepale, hata mama akilalamika kwamba kichwa cha polisi ni kofia tu. Ili kumnyoosha ilimbidi aanze mwanzo, aimbe mpaka mwisho. Na mimi nyuma ya pazia nikaokota wimbo wote, pamoja na maana yake, kitu ambacho kompyuta haikunipa.

Asubuhi moja mama alikuwa sokoni. Baba aliketi mlangoni akifuta buti zake na kuimba wimbo wa nyanya. Aliuimba wote. Jiwe, ulezi, kila neno mahali pake, mbuzi hayupo. Kisha kandambili za mama zikasikika kwenye njia ya murami, naye akaanza upya, na mama alipoinama kuingia, mbuzi akaoa.

"Wewe, Baba Leta, hiyo kichwa iko ya nini?" mama alisema, akaweka kikapu chini, akaanza kuimba.

Nilidhani ni woga. Mimi pia nilijua hesabu zote mpaka mwalimu asimame mbele yangu, kwa hiyo nilimhurumia. Nimekuwa mtu mzima kabisa, mwenye kochi lake, ndipo nikaelewa kwamba baba alikuwa ameushika wimbo ule tangu zamani, nyuma ya gazeti, katika lugha asiyoijua, na kwamba kukosea kwake kulikuwa kazi anayoifanya kwa bidii kila wiki.

Laptopu nimeipuliza, nikaifuta vumbi kwa kitambaa. Inaniomba niweke mfumo mpya. Kwa sasa nimembonyeza Ghairi, ambaye siku hizi tunajuana vizuri.