Ampli Isiyopata Moto

Atakayesema kwamba jua la Likasi lilinipiga kichwani, aishie hapa na aende zake. Mambo haya yalinikuta mimi mwenyewe, saa saba mchana, sokoni Kikula, nimeshiba na akili zangu timamu. Nimemsimulia padri, nimewasimulia dada zangu na mume wangu, na wote walinitazama kwa huruma. Huruma ya nini? Niliomba huruma mimi?

Nina gari dogo lenye spika mbili juu, na kazi yake ni kutangulia misafara ya arusi. Ampli yangu, ile mashine ya kukuza sauti, iliungua Jumatatu, na Jumamosi nilikuwa na arusi ya binti wa kwaya yetu. Bila ampli spika ni mabakuli tu. Basi nikaenda kutafuta nyingine.

Sinunui ampli kwa macho. Simuni nina wimbo wa kwaya yetu, nami nimo humo katika sauti ya pili, kwa hiyo najua kila mtu anavuta pumzi wapi. Nikiupiga na sauti za chini zikavurugika, ampli hiyo siitaki. Muuzaji wa kwanza hakuniacha hata niunganishe waya. "Mama, itana bwana yako aje," akasema. "Ile ni mambo ya baba." Damu ilinichemka! Nyaya za gari langu nazifunga kwa mikono hii, halafu nimwite mume wangu, ambaye kubadilisha balbu tu kunamtoa jasho?

Muuzaji wa pili alikuwa nazo tatu, zimepangwa juani: mbili mpya juu ya makatoni yao, na moja kuukuu, nyeusi, imechubuka pembeni. Makatoni yalijisifu wati elfu mbili. Nilikuwa nimeinamia ya kwanza mtu aliposema nyuma ya bega langu. Alikuwa mwanamume wa makamo, shati jeupe lililopigwa pasi, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni.

"Mama, usisome carton. Ile ni bongo, kudanganya bantu tu. Angalia fuse. Muntu anaandika wati elfu mbili, anatia fuse ya makumi mbili?"

Nikaangalia. Kweli, fyuzi ya ampea ishirini, ambayo haifikishi hata wati mia tatu! Na nilipoinua ampli yenyewe ilikuwa nyepesi kama kopo tupu.

"Sasa sikia ile ya zamani," akasema, akaiwekea kiganja. "Iko na chuma mingi mu ndani. Anza na sauti ya chini, usikimbilie juu."

Hatimaye mtu anayeongea nami kama na mtu mzima! Nikaunganisha, nikapiga wimbo. Kila sauti ilikaa mahali pake. Nikaigusa. Niamini, zile mbili mpya zilikuwa zinaunguza vidole kwa jua, lakini hii ilikuwa baridi kama chupa iliyotoka kwenye friji, na muziki unaendelea.

"Kuipanga vizuri, enda ku Panda," akasema, "ku kambi ya zamani ya wafanyakazi, nyumba ya mulango ya bluu. Bibi yangu, mama ya batoto yangu, anajua ile kazi kupita miye."

Niligeuka kumshukuru. Hakukuwa na mtu. Muuzaji alinikazia macho. "Mama, tangu ile saa unasemezana na nani?"

Nikadhani ananidhihaki kama mwenzake. Nikalipa, nikaondoka na hasira zangu hadi mtaa wa Panda.

Mlango wa bluu niliupata upesi, kwa sababu mbele yake kulitundikwa turubai na watu walikuwa wamekaa kilioni. Juu ya meza ndogo kulikuwa na mshumaa na picha. Ni yeye. Shati ni lile lile.

Wewe ungefanya nini? Mimi, hata kabla ya kuogopa, nilikasirika. Mtu anakufundisha fyuzi, anakuelekeza mpaka rangi ya mlango, halafu habari kubwa kuliko zote, kwamba amekufa, anasahau kuitaja?

Mjane aliiona ampli mkononi mwangu, akainuka kwenye mkeka. "Ile njo ya bwana yangu. Uliitosha wapi?"

Nikamwambia nilikoitoa. Naye akanieleza mbele ya wote kwamba gari lenye muziki ndilo lililolisha watoto wake, na kwamba siku ya pili baada ya mazishi shemeji zake walilifungua wakang'oa redio, ampli, spika, hata betri. Eti mali ya ukoo. Na shemeji wenyewe walikuwa pale pale chini ya turubai, wanakula bukari, yaani ugali, aliyowapikia!

Mkubwa wao alinawa mikono. "Mama, ile ni mambo ya famille."

"Famille gani?" nikapaaza sauti. "Mwenyewe njo amenituma!"

Hakuna aliyetafuna tena. Nikaiweka ampli mapajani mwa mjane. Aliipapasa, akaanza kulia. "Iko baridi," akasema.

Jumamosi bibi arusi alitoka kanisani kwa makofi matupu, na mama yake hanisalimii hadi leo. Shemeji walirudisha vitu vyote vilivyobaki usiku wa siku ile niliyokwenda Panda, bila kuulizwa. Mjane anaendesha gari hilo sasa. Ampli inapiga kutwa juani na haipati moto. Nimeigusa mwenyewe mara tatu.

Wiki iliyofuata yule shemeji mkubwa alikuja kwangu asubuhi, kofia mkononi. "Mama, ndugu yangu alisema nini juu yangu?"

Nilitamani kumtungia laana nzito, nzito kabisa. Lakini nilisema kweli: "Hakukutaja. Alimutaja bibi yake tu."

Aliketi kwenye ngazi yangu, akalia kama mtoto, na sikumkaribisha ndani.

Basi ukinunua kilichotumika, uliza kimetoka kwenye gari la nani. Na kama ni wewe uliyeking'oa kwenye gari la ndugu yako kabla kilio hakijaisha, usije kwangu kuuliza alikusema vipi. Mimi sina neno lake la kukupa, na yeye hatarudi kwa ajili yako.