Mzee Asiyeingia Ndani

Mpaka leo sijui kama mtu wa hadithini huchukiwa kwa tabia yake au kwa macho ya anayemsoma. Swali hilo nililipata darasa la sita, kwetu Manga, huku milimani bara, mwanzoni mwa miaka ya sabini, na bado linaniwasha.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alitoka pwani. Aliolewa na kijana wa kwetu aliyekuwa akifanya kazi bandarini, wakaja kuishi huku kwenye baridi na migomba. Hatukumpenda, nikiri tu. Alipiga hodi mara tatu mlangoni mwa mtu, na asipoitikiwa aligeuka akaenda zake, hata kama mwenye nyumba yuko pale nyuma anachuma chai. Mama zetu wakasema anaringa, basi nasi tukasema anaringa. Ilinong'onwa kwamba angerudi kwao muhula ukiisha, na tulingoja kwa hamu.

Siku moja alitusomea hadithi aliyoiandika mwenyewe daftarini. Ilimhusu mzee ambaye tangu mwanawe aoe hakukanyaga nyumba ya mwanawe. Mvua ikinyesha, alisimama nje na kuongea na mkazamwana wake huku akitazama pembeni. Akikaribishwa, husema hapo alipo panatosha.

"Kwa nini mnamchukia mzee huyu?" mwalimu akauliza.

Tukatazamana. "Hatumchukii, mwalimu," nikasema. "Ni mzee mzuri sana."

"Mzuri? Na moyo wake ule wa jiwe?"

Alidhani namtania. Ikabidi nieleze, kwa Kiswahili changu cha kuokoteza, kwamba kwetu kuna chinsoni, heshima ya kuoneana haya. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Akiingia, ndipo watu watauliza ana nini. "Huyo mzee anaheshimu huyo mama, mwalimu. Hata kunyeshewa ni kumpenda."

Aliketi. Akauliza kama huwa hivyo hata mke akiwa ametoka mbali, hata akiwa si wa kabila letu. Darasa zima likaitikia kwamba ni hivyo hivyo. Hapo nikajua mzee yule hakuwa wa kubuni.

Nimelifikiria sana jambo hili. Mzee aliyesimama nje tulimpa heshima bila kuulizwa. Mwalimu naye, kwa adabu ya kwao pwani, alisimama nje ya milango yetu, tukasema ana majivuno. Je, mzee angekuwa wa pwani, tungempenda?

"Miaka mitatu," mwalimu akasema, kana kwamba hatupo. "Miaka mitatu nadhani baba mkwe ananichukia. Nimeshafunga sanduku. Mbona hakuna aliyeniambia?"

Niliona aibu, nikainama nikatazama dawati. Yeyote kati ya mama zetu angemweleza tangu mwaka wa kwanza, kama angemwita ndani hata mara moja wanywe chai.