Mwanamke Asiyewahi Kuingia Kiwandani

Nyuma ya duka la dawa la Bwana Pilling, hapa Burnley, kaskazini mwa Uingereza, ukishapita dawa za kikohozi na poda za watoto, kulikuwa na maktaba. Usicheke. Makabati manne ya riwaya za kukodisha kwa wiki, meza moja, na mimi Nellie Haslam nikigonga muhuri kwa miaka kumi na tisa. Wateja wangu walikuwa wanawake wa viwanda vya pamba. Walisoma kuliko walimu, na kabla ya Jumapili walikuwa wamesahau walichosoma. Ndiyo maana kila mmoja alikuwa na alama yake anayoitia kitabuni akimaliza, asije akakikodi tena. Bi Pickup alichora buli dogo la chai ukurasa wa thelathini. Bwana Pilling alibandika tangazo la kukataza mchezo huo, na mtu akaenda akatia alama yake juu ya tangazo.

Mwandishi wao kipenzi aliitwa Honoria Leighton-Marsh. Riwaya kumi na nne, zote za mabustani, makasisi wajane, na chai inayoletwa na mtumishi mwenye glavu. Kwenye jalada ilielezwa kwamba anaishi mashambani kusini na mbwa wake wawili.

Hakuwa na mbwa hata mmoja. Jina lake lilikuwa Alma Duckworth, mfumaji, na aliishi mtaa wa pili kutoka kwangu. Aliingia kiwandani akiwa na miaka kumi na mitatu. Nilimgundua siku niliyomkuta amepiga magoti kabatini, anafungua vitabu vya Honoria kimoja kimoja, anahesabu mabuli ya Bi Pickup na alama za wenzake.

“Unatafuta nini humo, Bi Alma?”

“Nawahesabu wasomaji wangu,” akasema, kisha akanyanyuka na kunishika mkono. “Nellie, ukimwambia mtu nakunyonga.”

Sikumwambia mtu. Lakini nilimuuliza kwa nini haandiki mambo ya kwetu. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini halali barabarani. “Nani akodi kitabu akasome choo chake mwenyewe cha uani? Mwaka thelathini na sita niliwapelekea hadithi ya kiwanda, wakairudisha. Nikawapelekea kasisi, wakaomba kasisi mwingine.” Mbwa aliwatunga mwenyewe, mchapishaji alipotaka maelezo ya maisha yake. Aliona haya kuandika ukweli, na aliendelea kuuonea haya miaka ishirini na zaidi.

Basi dunia ikageuka. Mwisho wa miaka ya hamsini London ikapata kichaa kipya cha riwaya. Vijana wenye hasira, majiko yenye moshi, bia, baiskeli, mimba zisizotarajiwa. Magazeti yalitushangilia sisi watu wa kaskazini kana kwamba tumevumbuliwa juzi. Maktaba za kukodisha zilikuwa zinafungwa moja baada ya nyingine, na Honoria akapokea barua ya mchapishaji kwamba wasomaji wamechoka na makasisi, wanataka maisha halisi, viwanda.

Bi Alma alikuja na barua ile dukani anacheka hadi akaegemea mizani ya kupimia watu.

“Viwanda! Waniulize mimi, Nellie. Masikio yangu nimeyaacha humo.”

Aliandika miezi minane, jioni baada ya zamu, na kila Jumamosi aliniletea kurasa nikazisome stoo kati ya maboksi ya pamba na bendeji. Nimegonga muhuri vitabu maelfu, najua kitabu. Kile kilikuwa kitabu. Mama yangu alikuwemo, bila jina lake. Ulikuwemo ule uzi unaovutwa kwa mdomo kupitia tundu la kile kidude kinachokimbia na uzi, mpaka meno ya mbele yanaoza. Na yalikuwemo mazungumzo yetu. Mitambo mia tatu ikipiga kelele hakuna sauti inayosikika, kwa hiyo wafumaji husema kwa midomo tu, bila sauti, kutoka upande mmoja wa ukumbi hadi mwingine. Hata nyumbani mama alitusengenya hivyo hivyo na jirani yake kupitia dirishani. Bi Alma alikuwa ameandika mwanamke anayepewa habari za kifo cha mumewe namna ile, kwa midomo, na mitambo haizimwi. Nililia pale stoo, nikamwambia Bwana Pilling ni amonia.

Mswada ulirudi kutoka kwa mchapishaji baada ya wiki sita. Msomaji wao aliyebobea ameandika kwamba ni dhahiri mwandishi hajawahi kuingia kiwandani. Wanawake wanaoongea bila sauti ni njozi ya mtu wa mabustani. Bibi Leighton-Marsh angeshauriwa abaki na waridi zake.

Niliisoma barua yao mara tatu. Ungetaka nifanye nini? Nilikuwa karani wa maktaba ya duka la dawa.

Akasema ataenda mwenyewe. Alivaa kofia yake ya harusi za watu, akavaa glavu, akapanda treni kwenda London. Yaliyotokea alinisimulia keshoye, amesimama wima mbele ya meza yangu kama mtoto anayekariri. Mhariri alikuwa kijana mwenye adabu, alimvutia kiti. Yeye akaanza kwa sauti ya kibwanyenye, ya redioni, aliyojifunza kwa ajili ya simu za kampuni ya vitabu, maana ndiyo waliyoizoea. Kijana akaitikia kwa heshima, akarudia yaleyale ya waridi. Ndipo Bi Alma akaiweka ile sauti kando, akasema kwa lugha ya kwetu, nzito, kama tunavyosema hapa: “Sikia, mwanangu. Mimi ni mfumaji. Baba yangu alikuwa mfumaji. Mbwa wale niliwatunga.”

“Akasemaje?” nikauliza.

“Alicheka, Nellie. Akapiga makofi. Akasema, ‘Unawaigiza vizuri mno, Bibi.’”

“Ungemwonyesha meno!”

“Meno gani? Niling'oa yote mwaka arobaini na tano. Haya ni ya bandia, ya serikali.” Akavua glavu, akaivaa tena. “Halafu akasema hata hivyo wana kitabu chao cha kiwanda cha pamba mwaka huu. Cha kijana mmoja.”

Nilisema tuandike barua, Bwana Pilling atie sahihi, meneja wa kiwanda atie sahihi. Akaniuliza tutasema nini, kwamba kwa miaka ishirini na zaidi aliwadanganya nao sasa wamwamini? Nikairudisha kalamu mezani. Swali hilo linanikera hata leo.

Kitabu cha yule kijana kilifika masika. Nilikivisha karatasi ya plastiki kwa mikono yangu mwenyewe. Kwenye jalada waandishi wa magazeti walisema kinanuka ukweli. Bi Pickup alikikodi Jumatatu, akakirudisha Jumatano, bila kuchora buli lake.

“Chukua takataka yako, Nellie. Ukurasa wa kumi na mbili wapenzi wananong'onezana katikati ya mitambo! Wananong'onezana! Huyo kiwanda amekiona kwenye kalenda.” Akaegemea meza. “Niambie, yule bibi wangu wa mabustani hajatoa kipya? Nimemaliza vyote.”

Bi Alma alikuwa amesimama mlangoni, karibu na mizani, ameshika dawa yake ya kikohozi. Amesikia au amekisia, sijui. Nilimtazama juu ya bega la Bi Pickup, nikimwomba kwa macho anipe ruhusa. Neno moja tu, na angepata msomaji wake palepale. Akatikisa kichwa. Kisha akasema kwa midomo, bila sauti, polepole nisikosee: *Mwambie amekufa.*

“Amefariki, Bi Pickup,” nikasema.

Bi Pickup akatoa leso, akapenga kamasi. “Maskini,” akasema. “Lakini alau yeye aliishi vizuri. Hakujua kazi ni nini.”

Kengele ya mlango ikalia. Bi Alma alikuwa ametoka.

Maktaba ilifungwa mwaka uliofuata, kiwanda nacho vivyo hivyo. Mswada aliniachia mimi, umo kabatini mwangu chini ya blanketi. Ukurasa wa thelathini nimetia alama yangu, herufi N ndogo kwa penseli. Mpaka leo iko peke yake.